Tone Moja kwa Saa Yake: Dawa ya Macho Baada ya Operesheni na Baada ya Jeraha

(Haya ni maneno tuliyosema katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia parokiani kwetu. Wengi waliomba yaandikwe ili wakayasome vikundini, nasi tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi wenyeviti, makatibu na waweka hazina, karibuni tena baada ya chai. Tunajua kwamba kwenye ratiba saa hii ilikuwa ya mbuzi wa maziwa. Mbuzi watangoja mpaka mchana. Sasa tunataka tuongee juu ya kitu kidogo, kichupa kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto, na ambacho kimo katika nyumba nyingi hapa: dawa ya macho ya matone.

Mtu atasema, hiyo si kazi ya ofisi ya maendeleo, ni kazi ya daktari. Sawa. Lakini mama asiyeona hawezi kuchagua mbegu, hawezi kuhesabu pesa za kikundi, na mara nyingi msichana mmoja huacha shule ili amshike mkono. Hayo ni maendeleo, au sivyo? Tena kuna sababu ya pili. Jambo fulani lilitokea kati yetu, na sisi wa ofisi tulikuwa na sehemu yetu katika kosa. Tukinyamaza, litatokea tena.

Yaliyotokea

Mwalimu mmoja kijana, binti wa hapa hapa, alikwenda Nairobi wakati wa likizo ya Agosti akafanyiwa operesheni ya leza ili aache miwani. Alikaa kwa wazazi wake mpaka akapona. Macho yake leo ni mazuri, anaona ubao kutoka nyuma ya darasa. Aliporudi kazini aliacha kwenye rafu ya mama yake chupa moja ya dawa iliyobaki nusu.

Wakati wa kuvuna mahindi, jirani yao, mwanachama wa kikundi kimoja kilicho hapa leo, alichapwa jichoni na jani kavu la hindi. Ilikuwa saa tisa mchana. Aliosha kwa maji akaendelea na kazi. Kesho yake saa nne asubuhi alikuja ofisini kwetu kuleta kitabu cha akiba. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, amelifunika kwa leso. Sisi tulimwambia, "Pole mama, tafuta dawa ya macho." Halafu tukaangalia kitabu cha akiba. Hatukuuliza limepatwa na nini. Hatukumwambia aende dispensari, na dispensari iko kilomita tatu tu kutoka pale.

Mama alitafuta dawa kama tulivyomwambia. Alikwenda kwa jirani, naye kwa upendo akampa ile chupa ya mwalimu. Alitia siku ya kwanza, siku ya pili, wekundu ukapungua. Alifurahi. Baada ya wiki moja akaona kama kuna ukungu, na mtoto wake akaona doa jeupe kwenye weusi wa jicho. Alipofika hospitali ya macho walimwambia kidonda kimeingia ndani na kina kuvu. Alilazwa. Madaktari waliliokoa jicho lisitolewe, lakini kuona hakukurudi. Pamebaki chamba cheupe. Kwa jicho lile anaona mwanga na kivuli cha mtu basi.

Mama huyu ametupa ruhusa tuseme habari zake bila jina. Alisema, "Semeni, wengine wasikie."

Sasa tujiulize pamoja. Dawa ni ile ile, chupa ni ile ile. Kwa nini ilimsaidia mwalimu na kumharibia jirani? Tukielewa jibu la swali hili, tumeelewa karibu yote tunayohitaji juu ya dawa ya macho.

Kioo cha mbele ya jicho

Mbele ya weusi wa jicho kuna kioo hai, kinachopitisha mwanga. Kinaitwa konea. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Hakina mshipa wa damu hata mmoja, maana mishipa ya damu ingezuia mwanga kupita vizuri. Kwa hiyo hewa yake inaipata kutoka nje kwa njia ya machozi, na chakula chake kinatoka kwenye machozi na maji yaliyo ndani ya jicho. Ndiyo maana jicho kavu ni jicho lenye njaa.

Konea ina neva nyingi sana, kuliko ngozi ya kidole. Punje ya vumbi ikiingia, mtu mzima analia kama mtoto. Mungu ameweka pale mlinzi mkali.

Juu ya konea kuna ngozi nyembamba. Ikikwaruzwa, chembe hai zilizo jirani na jeraha husogea zikafunika pengo, kama watu wa ukoo wanavyosogea kuziba ua uliobomolewa na ng'ombe. Halafu chembe nyingine huzaliwa kutoka ukingoni, pale weusi unapokutana na weupe, zikajaza nafasi. Mkwaruzo mdogo ulio safi hufunga kwa siku moja hadi tatu, na hauachi alama. Lakini jeraha likipita ile ngozi ya juu likaingia ndani, au wadudu wa ugonjwa wakiingia kabla ua haujazibwa, pona yake ni ya kovu. Kovu la mguu halina neno, utatembea tu. Kovu la konea ndilo tunaloliita chamba, na mwanga haupiti.

Basi kazi ya dawa ya matone ni nini? Dawa haifungi jeraha. Jicho lenyewe ndilo linalofunga. Dawa inaliwekea jicho hali nzuri ya kujifunga: inazuia wadudu, inatuliza uvimbe, inaleta unyevu. Ni kama mkulima na mbegu. Mkulima haoteshi mbegu, anaondoa magugu na kuleta maji.

Chupa tatu za mwalimu

Operesheni ya leza inaondoa sehemu ndogo sana ya konea ili kuibadilisha umbo, na mtu aone vizuri bila miwani. Kila mpigo wa mwanga ule huondoa unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kompyuta ndiyo inayoongoza, na kwa kawaida leza yenyewe haimalizi dakika moja kwa jicho moja.

Kuna njia mbili tutakazozitaja. Katika njia ya kwanza, ngozi ya juu ya konea huondolewa, leza hufanya kazi, kisha daktari huweka lenzi laini kama bandeji mpaka ngozi mpya ifunike. Huchukua kama siku tatu hadi tano, na siku hizo zina maumivu. Katika njia ya pili, daktari hukata kifuniko chembamba, hukiinua kama ukurasa wa kitabu, leza hupita chini yake, kisha kifuniko hurudishwa. Maumivu ni machache, mtu anaona mapema, lakini akilisugua jicho siku za kwanza kifuniko kinaweza kusogea. Mwalimu wetu alifanyiwa kwa njia ya kwanza.

Alirudi na chupa tatu.

Chupa ya kwanza ilikuwa antibayotiki, dawa ya kuzuia bakteria. Hii ni ya siku za mwanzo, mara nyingi kama wiki moja, wakati ua uko wazi. Ngozi ikishafunga na daktari akaridhika, inaachwa.

Chupa ya pili ilikuwa steroidi. Mwili una askari wake. Wakiona jeraha wanakuja mbio, na mbio zao ndizo zinazoleta wekundu, joto na uvimbe. Katika jicho lililofanyiwa leza, askari hao wakizidi wanaacha ukungu kwenye konea. Steroidi inawaambia, "Tulieni." Katika njia ya kwanza dawa hii huenda ikatumika wiki kadhaa, hata miezi miwili au mitatu, ikipunguzwa polepole: mara nne kwa siku, halafu tatu, halafu mbili, halafu moja, kama daktari anavyoandika. Katika njia ya pili huwa ni siku chache zaidi.

Chupa ya tatu ilikuwa machozi ya kutengenezwa. Leza na kisu hukata zile neva nyingi tulizozitaja. Neva zikikatwa, jicho halipeleki habari kwamba limekauka, na machozi hayaletwi ya kutosha. Neva huota tena, lakini kwa miezi. Ndiyo maana mwalimu aliambiwa aendelee na machozi hayo hata baada ya kuona vizuri. Anayehitaji kuyatia mara nyingi kwa siku aulize yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi ndani, kwa sababu dawa ya kuhifadhi ikirudiwa sana inakwaruza ile ngozi ya juu tunayoitaka ipone.

Tazameni basi. Chupa tatu, kazi tatu, muda tofauti. Na mwalimu hakuachwa peke yake na chupa. Daktari alimwona tena baada ya operesheni, akamwona tena lenzi ilipotolewa, akampima presha ya jicho wakati wa steroidi.

Kwa nini dawa ilimgeukia jirani

Chupa iliyobaki kwenye rafu ilikuwa ile ya pili, steroidi. Jicho la mwalimu lilijeruhiwa ndani ya chumba safi, kwa chombo safi, na antibayotiki ikakaa mlangoni. Hapakuwa na adui ndani. Askari walikuwa wanapigana bure, na kuwatuliza kulikuwa jambo jema.

Jicho la jirani lilijeruhiwa na jani la shamba. Jani la hindi, la muwa, nyasi, kijiti, mkia wa ng'ombe: vyote hivi hubeba kuvu, ule ukungu tunaouona kwenye mahindi yaliyonyeshewa. Adui alikuwa ameingia. Mama alipotia steroidi, askari wake walilala, na adui akapata nyumba bila mlinzi. Wekundu ulipungua si kwa sababu ugonjwa umekwisha, ni kwa sababu wapiganaji wameweka silaha chini. Ndiyo hatari ya dawa hii: inakupa furaha siku mbili.

Na hata bila jeraha, mtu akitumia steroidi miezi na miezi kwa ajili ya macho ya kuwasha tu, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote. Hiyo ni glakoma, na kuona kunakopotea kwa glakoma hakurudi. Tena steroidi inaweza kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo, ndugu zetu, dawa yenye steroidi isitiwe bila mtu aliyelimulika jicho kwa tochi na kujua kilicho ndani. Dukani ulizeni neno hilo hilo: "Hii ina steroidi?"

Wanaosoma Biblia wanamkumbuka mzee Tobiti. Alilala uani, mavi ya shomoro yakamwangukia machoni, akapata madoa meupe. Akaenda kwa waganga, na kadiri walivyompaka dawa ndivyo alivyozidi kupofuka. Hata wakati ule watu walijua kwamba dawa isiyo yake inazidisha ugonjwa.

Saa kumi na nane

Sasa tusikie habari njema, kwa maana zipo.

Katika nchi ya Nepal, wilaya ya Bhaktapur, watu ni wakulima kama sisi. Macho mengi yalikuwa yanapotea kwa majeraha ya shamba. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa jambo moja rahisi: mtu akikwaruzwa jicho, wampeleke kituo cha macho apimwe, na kama konea imekwaruzika apewe dawa ya tyubu ya kloramfenikoli asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Katika miaka miwili watu 442 wenye mkwaruzo wa konea walipewa dawa hiyo. Waliopona bila kidonda walikuwa 424.

Lakini sikilizeni mgawanyo wake. Walioanza dawa kabla ya saa 18 kupita walikuwa 284, na hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Waliofika kati ya saa 18 na 24 walikuwa 109, wakapata kidonda 4. Waliofika kati ya saa 24 na 48 walikuwa 49, na kati yao 14 walipata kidonda. Karibu mmoja kwa kila watatu au wanne.

Tyubu ndogo, siku tatu. Hakuna mashine. Kilichookoa macho yale ni kufika mapema.

Na sasa fanyeni hesabu ya mama yetu. Kutoka saa tisa mchana hadi saa nne ya asubuhi ni saa 19. Wakati alipokuwa amesimama mbele ya meza yetu, nafasi yake ilikuwa bado kubwa sana. Tulimpoteza pale mezani. Tunasema hivi si kwa kujipiga kifua tu, ni ili kila katibu wa kikundi ajue kwamba na yeye ana meza kama hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haujengeki.

Operesheni ya mtoto wa jicho

Wengi wetu hatutafanyiwa leza. Operesheni inayokuja vijijini kwetu ni ile ya mtoto wa jicho, ya wazee. Hapo pia mgonjwa anarudi na matone, mara nyingi antibayotiki pamoja na steroidi, kwa kama wiki nne. Tatizo ni kwamba siku ya tano bibi anaona vizuri, hakuna maumivu, anasema "Nimepona," na chupa anampa babu. Sasa macho mawili yako hatarini: la bibi aliyeacha kabla ya wakati, na la babu aliyeanza bila kupimwa.

Jambo jingine ni mikono inayotetemeka. Mzee anatia, dawa inaangukia shavuni, na yeye anahesabu kwamba ametia. Kila mzee aliyefanyiwa operesheni apewe mtu mmoja wa nyumbani wa kumtilia, mtu huyo huyo kila siku.

Namna ya kutia dawa

Hapa tulifanya mazoezi wawili wawili kwa chupa ya maji safi. Kikundini fanyeni vivyo hivyo.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.
2. Soma jina kwenye chupa. Angalia ni jicho gani, la kulia au la kushoto. Dawa iliyo nyeupe kama maziwa itikise kwanza.
3. Mgonjwa alale chali au ainue uso na kuangalia juu.
4. Vuta kope la chini taratibu mpaka lifanye kama mfuko. Usiguse jicho lenyewe.
5. Tia tone moja ndani ya mfuko huo. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Ikigusa, inachukua uchafu na kuurudisha ndani ya chupa.
6. Mgonjwa afumbe jicho polepole bila kukaza, na abonyeze kidogo kwa kidole safi pembeni mwa pua kwa dakika moja au mbili. Hapo kuna mfereji unaopeleka machozi puani. Ukiubonyeza, dawa inakaa jichoni. Ndiyo maana wengine wanasikia uchungu wa dawa kooni.
7. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika tano. Ukitia mara moja, ya pili inaisukuma ya kwanza nje. Dawa ya tyubu huwa ya mwisho.
8. Funika chupa. Usiiweke juani, wala jikoni karibu na moto. Kama imeandikwa iwekwe kwenye friji na nyumbani hakuna, mwulize aliyekupa kabla hujaondoka.

Mama mmoja aliuliza, je, matone mawili si bora kuliko moja? Hapana. Mfuko wa jicho ni mdogo, tone moja tayari linafurika. La pili linakwenda shavuni, nalo ni pesa.

Chupa ikifunguliwa andika tarehe juu yake kwa kalamu. Kwa kawaida wiki nne zikipita inatupwa hata kama imebaki. Kumwaga dawa kunauma, tunajua, kwa vile imenunuliwa. Lakini chupa ya mwalimu ingetupwa, leo tungekuwa tunaongea juu ya mbuzi.

Mambo tusiyafanye

Tusitie maji ya majani, maziwa ya mama, asali, sukari wala mate. Msituambie Bwana Yesu alitumia mate na matope. Yeye ni Bwana, sisi mate yetu yana wadudu.

Tusisugue jicho, hasa baada ya operesheni. Tusitoe kwa kijiti cha kiberiti kitu kilichoganda kwenye weusi. Oshea maji safi mengi, na kama hakitoki, mpelekeni mtu hospitali. Kama ni dawa ya kunyunyizia mimea au chokaa iliyoingia, oshea papo hapo kwa maji mengi, dakika kumi na tano au zaidi, kabla ya kutafuta gari. Halafu mpelekeni.

Tusiombe wala tusinunue matone ya ganzi ya kupeleka nyumbani. Hayo ni ya daktari wakati wa kupima. Yanaondoa maumivu kweli, lakini ukiyarudia yanazuia konea isifunge, na jicho linaweza kuoza huku mtu hasikii kitu.

Na tusikopeshane dawa ya macho. Tukopeshane sufuria, jembe, hata punda. Dawa ya macho, hapana.

Dalili za kutolala nazo nyumbani

Baada ya jeraha au operesheni, mtu asingoje siku ya kliniki akiona haya: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kuona kunakopungua, doa jeupe kwenye weusi, usaha au tongotongo nyingi, mwanga unaochoma mpaka hawezi kufumbua, au kope kuvimba. Aende siku hiyo hiyo. Hospitali nyingi za kaunti zina afisa wa kliniki aliyesomea macho, na kuna hospitali zenye huduma kubwa ya macho kama Kikuyu, na Sabatia kule Vihiga. Juu ya malipo, kumbukeni kwamba NHIF tuliyoizoea ilikoma mwaka 2024 ikaja SHA. Hakikisheni kila mwanachama amejiandikisha kabla ya ugonjwa, na ulizeni hospitali ni nini kinacholipiwa.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, kila kikundi kichague watu wawili wa macho. Kazi yao si kutibu. Kazi yao ni kuuliza maswali matatu kila wanapoona jicho jekundu: Limepatwa na nini? Tangu saa ngapi? Umetia nini? Halafu wampeleke dispensari siku hiyo.

La pili, mzungumze na dispensari yenu mjue kama tyubu ya macho iko. Dispensari nyingi huwa na tetrasaiklini asilimia 1. Ikikosekana, kikundi kiulize kwa kauli moja. Sauti ya watu thelathini husikika kuliko ya mama mmoja.

La tatu, katika mfuko wa dharura tengeni nauli ya mgonjwa wa macho, itolewe bila kungoja mkutano. Jicho halingoji mkutano wa Alhamisi.

La nne, mwanachama akifanyiwa operesheni ya macho, jirani mmoja apewe kazi ya kufuata dawa. Kikundi kimoja cha akina mama kilianza njia nzuri sana. Kila asubuhi wanaweka punje nne za mahindi katika kikombe, na kila akitia dawa mzee anahamisha punje moja kwenye kikombe cha pili. Jioni wanahesabu. Hata asiyejua kusoma hakosei.

Neno la mwisho

Mama yetu bado ni mwanachama. Siku ile tulipokwenda kumwomba msamaha, alitusikiliza mpaka mwisho, akatuletea uji, akasema, "Hata mimi sikuuliza ile chupa ni ya nini." Halafu akatuuliza kama kikundi chake kinaweza kumchagua yeye kuwa mtu wa macho. Amechaguliwa. Tangu wakati huo amewapeleka dispensari watu wawili, mmoja wao mtoto aliyechomwa na nyasi akichunga. Alimfikisha siku ile ile, kabla jua halijazama. Mtoto amepona.

Rafu zenu mnazijua wenyewe. Mkifika nyumbani leo, kabla ya kuvua viatu, ziangalieni.

Mungu awabariki. Sasa tunamwita bwana wa mbuzi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika nyumba zetu kuna chupa ngapi za zamani za dawa ya macho? Tuzilete kwenye mkutano ujao, tuzisome pamoja, kisha tuzipeleke dispensari zikatupwe vizuri.
2. Mtu akichapwa jicho shambani leo jioni, nani atampeleka, kwa nauli ipi, na wapi?
3. Nani kati yetu amefanyiwa au atafanyiwa operesheni ya macho? Nani atamtilia dawa?
4. Mara ya mwisho tulipoona mtu mwenye jicho jekundu, tulimwambia nini?